Mgonjwa wa saratani aulizwe pia habari za vidole vyake

Fundi mmoja wa nguo katika mtaa wetu wa Mwihoko aligundua kwamba ana taabu siku sindano ilipomdunga kidoleni naye asihisi. Damu ndiyo iliyomwarifu, baada ya kutia doa kwenye kola ya sare ya shule aliyokuwa akishona. Wakati huo alikuwa ametundikiwa dawa ya saratani ya matiti kwa mara ya tatu. Wiki chache baadaye akaanza kukosana na kanyagio la cherehani. Mguu upo, lakini mwenyewe hajui kama umekanyaga au unaelea hewani.

Yeye alidhani ni baridi ya Julai. Mumewe alidhani ni gauti. Jirani mmoja asiye na staha alinong'ona kwamba watu ambao nyayo huwawaka moto "wanajulikana wanaugua nini". Nako katika hospitali ya umma alikokuwa akitibiwa, maswali yalikuwa yale yale kila alipofika: Mama, umetapika? Una homa? Unakula vizuri? Hakuna aliyemuuliza habari za vidole, naye hakusema.

"Nilihofia kwamba nikilalamika watanikatizia dawa," aliniambia. "Nikaona heri vidole vife nibaki mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mama huyo alikuwa ameamini kwamba ni lazima achague kati ya uhai wake na mikono yake, hali hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Na naamini wako wengi kama yeye, kutoka hapa hadi Thika, wanaofika nyumbani na ganzi na kunyamaza nayo.

Reli iliyolegea

Msomaji, kwanza tuelewane jinsi mambo haya yanavyotokea. Neva za mikono na miguu ndizo zinazopeleka habari kati ya mwili na ubongo: hili ni moto, hii ni changarawe, hapa pana ngazi. Chembe moja ya neva yaweza kuwa na uzi unaotoka karibu na uti wa mgongo, chini kidogo ya kiuno, hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa mtu mzima huo ni urefu wa kama mita moja. Chakula na vifaa vya kuukarabati uzi huo hutengenezwa kule juu na kusafirishwa hadi chini kwa vijinjia vyembamba mno vilivyo ndani ya uzi wenyewe.

Mfikirie msafiri wa reli inayotoka Nairobi, ikapita Githurai, Kahawa, Ruiru na Thika hadi Nanyuki. Njia ikilegea kila mahali, Makadara pengine patapata mzigo wake, lakini Nanyuki patashinda njaa. Ndivyo ilivyo kwa neva. Zile ndefu kupita zote huumia kwanza. Kwa hiyo ganzi huanza vidoleni mwa miguu, ikapanda taratibu, kisha ikaingia vidole vya mikono, mithili ya mtu aliyevaa soksi na glovu zisizovulika.

Baadhi ya dawa za saratani hushambulia reli hiyo hasa. Vinkristini, iliyotokana na ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, huzuia vijinjia hivyo visijengeke. Paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika gamba la mti wa Marekani, huvigandisha visiweze kubomolewa na kujengwa upya. Huko ndiko kunakouua uvimbe, maana chembe ya saratani haiwezi kugawanyika pasipo vijinjia hivyo. Bahati mbaya ni kwamba neva nazo huvitegemea. Sisplatini na oksaliplatini hupita njia nyingine: huingia katika chembe za neva zilizo kando ya uti wa mgongo na kuharibu kiini chake. Bortezomibu na talidomaidi, ambazo hutumiwa kutibu saratani ya uboho, nazo zina tabia hii.

Kila moja ina vituko vyake. Oksaliplatini humfanya mgonjwa ashtuke kama aliyepigwa na stima akigusa maji baridi au akivuta hewa ya alfajiri. Mwenye kuchota maji kwenye tangi la ploti mwezi wa Julai ataelewa. Vinkristini yaweza kuleta maumivu ya taya, kufunga choo na kulegeza mguu hadi ncha ikaburura chini. Sisplatini ina hila: ganzi yaweza kuendelea kuzidi miezi kadhaa baada ya dawa kukoma, mgonjwa akidhani saratani imerudi.

Dawa hizi si ngeni katika eneo letu. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, na katika miaka ya 1960 vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizojaribiwa huko dhidi yake. Leo paklitakseli na sisplatini ni majina ya kila siku katika wodi za saratani za matiti, mlango wa kizazi na umio nchini Kenya.

Si jambo dogo

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu, huichukulia ganzi kama usumbufu mdogo. Hapo ndipo tunapokosea. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 31 zilizohusu wagonjwa zaidi ya 4,000. Waliona kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya dawa kumalizika, wagonjwa kama 68 katika kila 100 walikuwa na madhara ya neva. Baada ya miezi 6 na zaidi, 30 katika kila 100 walikuwa nayo bado.

Sasa ipeleke hesabu hiyo hapa kwetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 Wakenya karibu 45,000 walipatikana na saratani, na zaidi ya 29,000 wakafa kwayo. Si wote wanaopata tibakemikali, na si kila dawa inayodhuru neva. Hata hivyo, kadiri matibabu yanavyosogea karibu na wananchi, ndivyo watakavyoongezeka watu waliopona au wanaoishi na saratani huku hawahisi wanapokanyaga. Wakazi wa Mwihoko sasa wana Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kazi mwaka 2019 upande huu wa jiji. Zamani safari ya mgonjwa wa saratani asiye na pesa ilikuwa karibu kila mara ni kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hayo ni maendeleo, lakini maendeleo huja na maswali mapya.

Ganzi ya mtu anayefanya kazi ofisini na ganzi ya mtu wa mtaa wetu si sawa. Mwihoko watu huishi kwa mikono na miguu. Kuna mwenye kushona, mwenye kusuka nywele, mwenye kukaanga samaki, mwenye kusukuma mkokoteni. Jioni kuna jiko la makaa sakafuni. Usiku kuna ngazi za ghorofa zisizo na taa, na katika ploti nyingine choo ki uani. Mvua ikinyesha njia hugeuka matope na mawe. Mtu asiyehisi nyayo zake huanguka kwa urahisi, na asiyehisi vidole huungua akidhani sufuria imepoa. Fundi wetu ana kovu la moto kwenye kiganja. Hakulipata kwa saratani wala kwa sindano ya dawa, bali kwa sufuria ya ugali.

Kwa nini wagonjwa hunyamaza?

Sababu ya kwanza ni ile hofu ya kukatiziwa dawa. Mtu aliyechangiwa na chama, kanisa na jamaa hadi akaanza matibabu huona haya kusema kwamba matibabu yenyewe yanamuumiza. Asante ya punda ni mateke, atajiambia, na mimi sitaki kuwa punda.

Ya pili ni aibu. Wakenya wa makamo wanakumbuka stavudini, mojawapo ya dawa za kwanza za kupunguza makali ya UKIMWI, iliyowaacha wengi na nyayo zinazowaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009, lakini kumbukumbu haikuondolewa. Hadi leo mtu akisema nyayo zinamwaka, majirani hupiga hesabu zao. Mama wa saratani hataki mzigo wa pili.

Ya tatu ni kwamba ganzi ina mama wengi. Kisukari huileta, pombe huileta, upungufu wa vitamini B12 huileta, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuileta, ndiyo maana huandamana na vitamini B6. Mgonjwa akienda kwa duka la dawa atauziwa kitu cha kila mojawapo ya hizo kabla ya mtu kumuuliza kama yuko kwenye kemo. Na aliye na mojawapo ya hali hizo kabla ya kemo ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa hiyo ndiye anayepaswa kuulizwa mapema zaidi.

Watakaonipinga

Kuna watakaosema: mtu aliye hai mwenye ganzi ni bora kuliko maiti yenye vidole vizima. Nakubali. Lakini hoja hiyo ina kasoro, maana inachukulia kwamba lazima tuchague moja. Dalili zikisemwa mapema, daktari ana nafasi: aweza kupunguza kipimo, kuahirisha mzunguko mmoja, kubadili ratiba au kubadili dawa. Mara nyingine ataamua kwamba nafasi ya kupona ni kubwa mno kiasi kwamba ganzi ivumiliwe, naye atakuwa na haki. Tofauti ni kwamba uamuzi huo utakuwa umefanywa na watu wawili wanaojua wanalofanya. Dalili zikifichwa, ni bahati nasibu. Na neva iliyokwisha kuharibika hukua polepole, takriban milimita moja kwa siku ikiwa itakua. Kutoka kiunoni hadi kidoleni ni safari ya miaka.

Wengine, hasa wahudumu, watasema foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Ni kweli. Lakini swali ninalolitaka halihitaji mashine. Muuguzi aweza kuuliza mambo manne mgonjwa akiwa angali kwenye benchi: Je, unafunga vifungo vya shati bila taabu? Unaokota sarafu mezani? Ndara ikikuvuka njiani unajua, au mpaka uangalie chini? Umeanguka au kuungua tangu tuonane? Jibu liandikwe kwenye faili. Mara hii hapana, mara ijayo kidogo, mara ya tatu sana: hapo daktari ana ramani mbele yake. Dakika mbili hazitaporomosha kliniki.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukiwaeleza wagonjwa madhara haya watakimbilia waganga. Mimi naona kinyume. Anayekimbia ni yule aliyeshtukizwa. Aliyeambiwa mapema kwamba vidole huenda vikafa ganzi, na kwamba akisema atasikilizwa, ana sababu ya kurudi.

Tusiazime hesabu za wenzetu

Kuna jambo lingine ambalo nadhani wataalamu wetu hawana budi kulivalia njuga. Miili haifanani katika kuzipokea dawa hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa Kenya wenye saratani ulionyesha kwamba wengi wao wana chembe za urithi zinazowafanya wavunje vinkristini haraka mwilini. Madhara ya neva kwao yalikuwa machache, kiasi cha watafiti kujiuliza kama kipimo wanachopewa kinatosha. Upande wa pili, nchini Marekani imeonekana mara kwa mara kwamba wanawake weusi huumizwa neva na paklitakseli kuliko wazungu. Utafiti uliofanywa miongoni mwao na kuchapishwa mwaka 2024 uliona kwamba dawa ya ukoo ule ule, dosetakseli, iliwadhuru neva kidogo kuliko paklitakseli ya kila wiki.

Tazama basi: dawa moja huenda watoto wetu wanapewa chache, na nyingine huenda mama zetu inawaumiza zaidi. Mwanamke wa Ruiru si mwanamke wa Chicago, na haifai kudhani kwamba lililo kweli kule ni kweli hapa. Kujua ni lazima tuhesabu wenyewe. Lakini tutahesabu nini ikiwa hakuna anayeuliza wala kuandika? Swali la muuguzi kwenye benchi ndilo mwanzo wa utafiti wetu.

Kuhusu tiba, tusidanganyane. Madaktari wa saratani wa Marekani walipopitia ushahidi wote mwaka 2020, hawakupata dawa yoyote ya kupendekeza kwa kuzuia madhara haya. Kwa kupunguza maumivu yaliyokwisha kuanza, waliona duloksetini pekee ina ushahidi wa kuridhisha, na nafuu yake ni ya wastani. Kuvaa glovu na soksi za barafu wakati dawa inapoingia kulionyesha matumaini katika utafiti mdogo wa Japani mwaka 2018, lakini ushahidi haujatosha. Na kwa anayepewa oksaliplatini, baridi yenyewe ni adui. Kwa hiyo tuwaogope wauzaji wa chupa za vitamini. B6 ikizidi, yenyewe hudhuru neva. Dawa moja iliyosifiwa sana, asetili-karnitini, ilipojaribiwa mwaka 2013 kwa wanawake waliokuwa kwenye kemo, iliwazidishia ganzi.

Lifanyike nini?

Kwa wakuu wa hospitali: swali la vidole liingizwe katika fomu ya kila mzunguko, na kadi ya Kiswahili na Kikuyu apewe mgonjwa siku ya kwanza. Daktari aulize pia dawa nyingine anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za ukungu kama itrakonazoli, na baadhi ya zile za UKIMWI, huongeza sumu ya vinkristini.

Kwa serikali: bima ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024 isiishie kwenye chupa ya kemo. Mazoezi ya viungo na viatu vinavyofaa ni sehemu ya matibabu. Na wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na kutumwa nyumba kwa nyumba mwaka 2023 wafundishwe kuangalia nyayo za mgonjwa wa kemo kama wanavyopima sukari.

Kwako wewe uliye kwenye matibabu, au unayemuuguza mtu: vaa viatu vilivyofunika vidole hata ndani ya nyumba. Usiloweke miguu katika beseni la maji moto, ijapokuwa shangazi atakuhimiza; maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. Kila jioni kagua nyayo, kwa kioo ikibidi, utafute kidonda usichokihisi. Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Usitoke usiku bila tochi. Tembea kila siku kadiri uwezavyo, na pombe iache. Zaidi ya yote, usijikatizie dawa, sema. Na miguu ikilegea ghafla, au mkojo ukakataa au kutoka wenyewe, hasa pakiwa na maumivu ya mgongo, hiyo si ganzi ya kawaida. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, maana huenda uti wa mgongo umebanwa.

Fundi wetu hatimaye alisema, baada ya binti yake kumwandikia karatasi ampe daktari. Daktari hakumkatizia dawa. Aliahirisha mzunguko kwa wiki moja, akapunguza kipimo, na mama akamaliza matibabu yote. Vidole vya mikono vimerudi kwa kiasi kikubwa. Vya miguu bado. Kanyagio la cherehani amelitia kipande cha zulia chakavu ili mguu usiteleze, na sindano huizungusha kwa mkono pale kwenye kona ngumu.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini tusimlaumu mgonjwa kwa kuficha kile ambacho hakuna aliyemwomba akionyeshe. Muuguzi wa kesho asubuhi, kabla hujatundika chupa, mwangalie mama aliye mbele yako na umuulize: vidole vyako vinasemaje?